Upande wa Kushoto

3 Machi

Kaka Waya,

Usishtuke kupata barua yangu kwenye baruapepe. Najua umenipigia simu wiki hii na sikupokea. Kazi zimenibana, na nikishavaa hedifoni simu naiona ikiwaka tu mezani. Kuandika ni rahisi kwangu siku hizi. Na wewe huko mlimani kwenye mtambo wa kurushia matangazo, unashinda na mashine zisizojua hata kuitikia salamu, kwa hiyo barua itakuchangamsha.

Nina shida ya kifundi. Laptopu yangu haitoi sauti nzuri kwenye hedifoni. Kazi yangu unaijua: msomaji anasoma kitabu kule studio, mimi huku nyumbani nasafisha rekodi, natoa pumzi, mikwaruzo na kiti kinacholalamika, ili wanafunzi wasioona wapate kitabu safi. Juzi mkuu wa studio amenirudishia sura nzima nzima. Anasema upande wa kushoto kuna mlio mwembamba kama wa mbu, tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba hata mlinzi wa getini ameusikia. Mimi sikuusikia. Nimerudia kusikiliza, sijausikia. Upande huo wa kushoto sauti inafifia, kama ya mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa.

Nielekeze taratibu, kama unavyomwelekeza mteja mkaidi. Mwezi wa sita wanagawa kazi ya vitabu vipya, na kabla ya hapo wahariri wote tutaitwa studio kupimwa usikivu. Sitaki mtu aniambie sifai.

Masikio

7 Machi

Masikio mdogo wangu,

Mteja mkaidi simjui. Ninayemjua ni mtoto aliyekuwa anasikia chumvi ikimwagika jikoni naye yuko uani, akaenda kushtaki. Baba hakukupa jina hilo bure. Ukiona wewe umekosa kumsikia mbu, basi mwenye kosa ni mashine.

Tufuate sheria ya nyumbani: anza na waya. Baba alikuwa hagusi kitu kingine ndani ya redio mpaka waya uwe umetoka bila hatia. Kwa hiyo hizo hedifoni zisizo na waya ziweke kabatini, zinaikamua sauti njiani kabla haijakufikia. Chomeka zenye waya. Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio ya sauti, utaona mahali wameandika viboreshaji. Zima vyote. Haviboreshi kitu, ni kama mpishi anayetia viungo kwenye maji ya kunywa. Halafu hakikisha laptopu inacheza sauti kwa kiwango kilekile ilichorekodiwa nacho kule studio, isije ikawa inaibadilisha yenyewe kwa kujifanya inajua. Chomoa na chaja, usikilize kwa betri peke yake. Kama kulikuwa na mvumo ukatoweka, ujue ulikuwa unaletwa na umeme.

Mwisho kabisa, geuza hedifoni kichwani. Ile ya kushoto iende sikio la kulia, ya kulia iende la kushoto. Kufifia kukihamia kulia, basi ubovu uko kwenye hedifoni au kwenye laptopu, na huo nitaukamata hata nikiwa huku juu. Niambie umehama. Utakuwa umehama tu.

Shemeji msalimie, mwambie kile kigoda alichonitengenezea bado kinanibeba, na mimi si mwepesi.

Kaka yako, Waya

12 Machi

Kaka Waya,

Nimefanya yote. Chaja kweli ilikuwa na mvumo wake, nimeikomesha. Viboreshaji nimezima, na sauti imekuwa kavu lakini ya kweli, nimeipenda.

Hedifoni nimegeuza pia. Ubovu umehama, ukaenda kulia. Kwa hiyo ni mashine, kama ulivyosema.

Nisamehe barua fupi. Mlango wa jikoni umenigonga tena bega la kushoto na kuandika kunauma. Milango ya nyumba hii ina visa.

Masikio

20 Machi

Shemeji,

Natumaini hujambo huko juu. Dada yako hajui kama nakuandikia, na nakuomba abaki hajui.

Ameniambia umemsaidia habari ya laptopu. Mimi ni mtu wa mbao, mambo ya sauti siyajui, ila kuna vitu naviona. Akifanya kazi hufungulia sauti mpaka mimi karakanani, nikiwa na randa mkononi, namsikia yule msomaji wake anasoma. Jumapili nilitaka kutazama mpira kwenye laptopu, nikavaa hedifoni, nikakuta kelele zote za uwanja ziko sikio la kushoto na la kulia limebaki kama kaburi. Nikatafuta kwenye mipangilio nikakuta kile kipimo cha mizani kimesukumwa chote kushoto. Nikakirudisha katikati. Alipogundua alinikasirikia kwa namna ambayo hajawahi, na sisi tumeoana si jana.

Pale mezani tumebadilishana viti, anataka nikae kulia kwake. Nikimsemesha nikiwa upande ule mwingine haniitikii. Mwanzo nilidhani nimemkosea, nikaanza kujitafutia makosa, na mtu akijitafutia hakosi. Na milango anayoisingizia nimeitengeneza kwa mikono yangu, ina upana wa kupitisha kabati. Haijawahi kumgonga mtu.

Niambie ukweli, ni laptopu?

Mume wa dada yako

26 Machi

Masikio mdogo wangu,

Nimekutumia kifurushi. Ndani yake kuna kisanduku kidogo cha sauti, unakichomeka kwenye tundu la USB, na hedifoni unazichomeka kwenye kisanduku. Hapo laptopu inabaki kutoa hesabu tu, na sauti yenyewe inatengenezwa nje, mbali na feni na makelele ya tumboni mwake. Sauti ya laptopu ipandishe mpaka mwisho, kisha punguza kwa kitufe cha kisanduku. Hedifoni nilizotia humo ni za studio, zinataka nguvu, ndiyo maana laptopu peke yake ingezishindwa. Na ile mizani ya kushoto na kulia iwe katikati, isiguswe.

Nimeambatanisha na faili la majaribio, sauti ni yangu mwenyewe kwa hiyo vumilia. Kwanza naongea upande wa kulia peke yake, kisha naongea upande wa kushoto peke yake. Nimesema polepole na kwa sauti ya chini, kama tulivyokuwa tunanong'onezana Baba akilala mchana. Kila upande nimekuuliza swali. Nijibu yote mawili.

Waya

2 Aprili

Kaka Waya,

Kisanduku kimefika, na sasa ndiyo naelewa kwa nini nyie mafundi hamna marafiki. Mtu ukishasikia sauti safi hivi watu wa nini tena? Nimemsikia msomaji akimeza mate kabla ya kila aya. Maskini, ana kiu mwaka mzima.

Majibu yako haya hapa. Kulia umeniuliza jina la paka aliyekuwa analala juu ya redio zenye joto. Hakuwa na jina, tulimwita Paka. Kushoto umeniuliza nani alivunja kioo cha dirisha la duka la Baba. Ni wewe, kwa betri ya tochi, na mimi nilikaa kimya nikachapwa pamoja na wewe.

Nimefaulu? Basi usinipime tena.

Masikio

5 Aprili

Shemeji yangu,

Tua mzigo. Nimempima dada bila yeye kujua na amefaulu. Swali moja nililiweka upande wa kushoto peke yake, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi ningeinamia kuisikia, na amelijibu na matusi juu. Kipimo hicho hakidanganyiki. Sauti niliyoifungia kushoto haina njia ya kutokea kulia.

Ilikuwa ni laptopu, na mizani aliisukuma ili kufidia ubovu wake. Hasira ni uchovu. Ni mtu anayesikiliza pumzi za wenzake kutwa nzima, hata mimi ningegonga milango. Mwambie apumzike.

Na ahsante kwa kuniandikia. Wengine wangenyamaza.

Shemeji yako, Waya

21 Mei

Shemeji,

Nisamehe kukurudia. Uliniambia nitue mzigo na nilitua, lakini naona umenirudia mwenyewe begani.

Anatapika asubuhi. Tulidhani ni mtoto, tukacheka, umri wetu huu, mimi nikaanza hata kutafuta mbao za kitanda. Akapimwa zahanati, hakuna mtoto. Akitembea ndani ya nyumba anapitisha vidole ukutani. Ukimuuliza anasema anaangalia vumbi. Kichwa kinamuuma upande mmoja na anakunywa dawa akiwa amenipa mgongo.

Usikivu wake sisemi kitu, wewe ndiye fundi na ulishampima. Siku ile ya faili lako nilikuwepo, nilikuwa nabadilisha kitasa cha dirisha. Alicheka vizuri, nikafurahi. Alisikiliza kidogo, halafu akazivua hedifoni akazivaa kinyume, yenye alama ya kulia ikawa sikio la kushoto, ndipo akasikiliza tena. Nikamwambia, mke wangu, umezigeuza. Akanijibu ndivyo mafundi wa kwao wanavyofanya. Nilitaka kukuuliza siku nyingi, ni utaratibu huo?

Mume wa dada yako

21 Mei

Mdogo wangu,

Ubovu haukuhama. Mwezi wa tatu uliniandikia umehama, na haukuhama. Uligeuza hedifoni, kufifia kukabaki sikio la kushoto, na kama kushoto kunabaki kushoto hedifoni zikiwa zimegeuzwa, basi hakuna waya wenye hatia, wala laptopu. Ni sikio. Ulijua tangu siku hiyo.

Na faili langu ukalisikiliza kwa sikio moja, la kulia, mara mbili. Mimi hapa nikakaa kwenye kigoda nikamwandikia mumeo kwamba kipimo hakidanganyiki. Nimekifanya kipimo kiwe na akili kuliko mimi, nikasahau kwamba nakipeleka kwa mtu tuliyefundishwa naye meza moja.

Sikukasirikii, naogopa. Sikio linalofifia peke yake ni jambo moja. Sikio linalofifia pamoja na kutapika na kushika ukuta ni jambo lingine, na hilo sina bisibisi yake. Kesho asubuhi nenda hospitali. Waambie kila kitu, waombe wakupige picha ya kichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Kaka yako

24 Mei

Kaka,

Kwa hiyo umemfanya mume wangu mpelelezi. Mtu anabadilisha kitasa kumbe anahesabu ninavyovaa hedifoni. Nilikuwa na mahali pawili pa kupumzika, kwake na kwako, sasa sina.

Ndiyo, haukuhama. Umefurahi?

Wewe ulikuwa chuoni Baba alipoanza kukosa kusikia, kwa hiyo unamjua Baba wa sheria na methali. Mimi nilibaki naye. Mteja akileta redio, nilisimama nyuma yake mteja, redio ikivuma nainua kidole, ikitulia nakishusha, na Baba anatingisha kichwa kama amesikia. Tulifanya hivyo mpaka siku mteja mmoja alipogeuka. Hakumtukana. Alimpa pole. Kesho yake wengine wakaja kumpa pole, na kila aliyempa pole alienda na redio yake kwa fundi mwingine. Wema ule ndio ulimmaliza. Alikaa pale mezani miaka anasafisha mashine zisizo na wenyewe.

Sitapewa pole. Kipimo cha studio ni tarehe kumi Juni. Hedifoni zao zimechakaa mpaka alama zimefutika, hakuna atakayejua nimezivaa vipi, na upande wa kulia nasikia kuliko wote pale. Nikishapewa vitabu nitakwenda hospitali kwa miguu yangu. Nipe mpaka hapo.

Masikio

25 Mei

Mdogo wangu,

Sikupi. Hizo siku si zangu kuzigawa.

Kazi haina shida, sauti inasafishwa hata kwa sikio moja, wapo wanaofanya, nitakuonyesha namna ya kuunganisha pande mbili ziwe moja. Baba alikosa wa kumwambia hivyo. Wewe unaye na unamkimbia.

Usipokwenda kesho, nitamwandikia mkuu wa studio mwenyewe nimweleze. Utanichukia, na nitakubali.

Kaka yako

30 Mei

Mdogo wangu,

Hujajibu. Sijamwandikia mkuu wa studio. Nimeanza barua yake na kila nikifika mahali pa kutaja sikio lako mkono unakataa, naona kama nakuchongea kwa wale wale wa kutoa pole. Niambie tu kwamba umekwenda. Hata ukinidanganya, danganya kwa kuandika, nijue una nguvu ya kuandika.

Waya

11 Juni

Shemeji,

Jana alikwenda studio. Nilimsindikiza nikakaa chini kwenye benchi. Amefaulu. Mkuu wa studio alitoka hadi mlangoni kunipa mkono, akasema mkeo ana masikio ya ajabu, vitabu vyote vipya ni vyake.

Alikuwa anashuka ngazi kuja kwangu, anacheka, ameshika ile bahasha. Nilimwona anainua mguu kama anayeikosa ngazi iliyopo. Aliangukia upande wa kushoto, na hakunyoosha hata mkono kujizuia.

Tuko hospitali. Mkono umevunjika, huo si kitu. Wamempiga picha ya kichwa. Kuna uvimbe nyuma ya sikio la kushoto, kwa ndani, na umekua mpaka unasukuma mahali ambapo hapatakiwi kusukumwa. Daktari aliniuliza dalili zimeanza lini. Nikamwambia Machi, kwa sababu ndipo nilipokuandikia mara ya kwanza. Akasema ingekuwa Machi, lingekuwa suala jingine.

Sikulaumu. Nimeandika tu alivyosema. Mimi nililala naye kitanda kimoja na nikakubali kuambiwa anaangalia vumbi.

Mume wa dada yako

13 Juni

Kaka,

Naandika kwa mkono wa kulia, mzima, kwenye laptopu aliyoniletea mume wangu. Muuguzi amenikataza nisikae sana.

Barua zako zote nilizisoma. Ile ya tarehe thelathini niliijibu kichwani kila siku. Nilitaka nikujibu nikiwa nimeshinda, nikuonyeshe kazi mkononi, ndipo nikubali kuonewa huruma kidogo, kwa masharti yangu. Miezi ile niliipoteza mimi, Kaka. Usiende kuibeba huko mlimani peke yako, najua tabia yako. Ulinipa kipimo kizuri na mimi nikakidanganya, na nilijisifu siku nzima.

Kesho kutwa wananifungua kichwa. Sikio la kushoto halirudi hata wakifanikiwa, hilo wameniambia wazi. Uso wa upande huo unaweza kulegea. Nimekubali yote mawili na nimeweka sahihi. Studio nimewapelekea ujumbe nikawaambia ukweli. Mkuu amesema atanisubiri, na hakunipa pole, alikasirika tu. Nilimshukuru moyoni.

Lakini kuna jambo la tatu. Jana daktari alikuja na picha zangu. Aliongea na mimi vizuri, kisha akazunguka kitanda, akasimama kushoto kwangu na mume wangu, wakaendelea kuongea. Nadhani walidhani nasinzia. Waliongea muda mrefu, karibu na kichwa changu, na sikusikia neno. Niliona tu mkono wa mume wangu ukishika chuma cha kitanda, ukakishika kwa nguvu mpaka kitanda kikatikisika. Nilipomuuliza akasema daktari alikuwa anamweleza habari za chakula.

Hawezi kuniambia, na sitaki kumlazimisha, ametosha. Shuka uje leo. Muulize yeye kwanza, huko nje, akuambie lote. Halafu ingia, vuta kiti ukae kulia kwangu, uniambie alichosema daktari kama kilivyo, kabla hawajanichukua.

Mdogo wako